Peremende za Mbali Katika Maduka ya Likasi

Mwanzoni mwa Desemba iliyopita nilifunga safari kutoka Lubumbashi kwenda Likasi kumwamkia baba yangu mkubwa. Mzee huyu alizaliwa mwaka 1946 katika nyumba za wafanyakazi za Panda, akafanya kazi ya shaba tangu ujana mpaka mvi, na hata leo hataki kuhamia mji mwingine. Siku mbili kabla sijaondoka alinipigia simu, akasema:

“Mwanangu, ukija usiniletee unga wala sabuni. Niletee ile chokoleti yenye picha ya tembo. Ukiikosa huko, tutaitafuta huku.”

Nilistaajabu sana. Baba mkubwa ana ugonjwa wa kisukari, na daktari amemkataza kabisa vitu vitamu. Lakini mtoto hamwulizi mzazi maswali ya namna hiyo katika simu. Nikajibu, “Ndiyo, baba,” na kwa kuwa niliondoka alfajiri kabla maduka hayajafunguliwa, nikaweka tumaini langu katika maduka ya Likasi.

Kutoka Lubumbashi hata Likasi ni mwendo wa kilometa 120 hivi, kuelekea kaskazini-magharibi, kwa barabara ya lami. Mwezi wa Desemba ni wakati wa mvua. Miombo imevaa majani mabichi, na kando ya njia watu wamepanga magunia ya makala, mafungu ya uyoga, na chupa za asali ya msituni, nyeusi kama chai ya rangi. Tulivuka mto Lufira, ambao daraja lake lilitajwa ulimwenguni kote mwezi wa Septemba 1961, wakati askari wa Ireland waliotumwa na Umoja wa Mataifa walipozingirwa Likasi, na wenzao wakashindwa kuvuka hapo kwenda kuwasaidia.

Lakini jambo lililonivuta macho zaidi lilikuwa malori. Yale yaliyokuja mbele yetu yalikuwa yamepakia mabamba ya shaba, mazito hata magurudumu yalionekana kuchoka. Nayo yalikuwa yakielekea Kasumbalesa, kwenye mpaka wa Zambia. Yale tuliyoyapita sisi yalikuwa yakipanda pamoja nasi kuelekea Likasi na Kolwezi, na juu yake niliona magunia ya sukari, katoni za biskuti, na mafuta ya kupikia. Nikajisemea moyoni: shaba inashuka, biskuti inapanda. Wakati ule sikujua kwamba mawazo hayo yangenifuata siku nzima.

Likasi ni mji wa vilima. Zamani uliitwa Jadotville, kwa heshima ya Jean Jadot, mhandisi Mbelgiji aliyekuwa mmoja wa wakuu wa kampuni ya Union Minière. Jina hilo liliondolewa mwaka 1966. Leo mji una sehemu nne kubwa: Likasi yenyewe, Kikula, Panda na Shituru. Huko Shituru ndiko kilikojengwa kiwanda kilichoanza kusafisha shaba kwa nguvu za umeme mwaka 1929, na watu wengi wa mji huu, kama si wao wenyewe basi baba zao au babu zao, walikula mkate wa kiwanda kile.

Tena Likasi ni mji wa biashara tangu mwanzo wake. Reli iliyotoka kusini ilifika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, ikaendelea mpaka Bukama mwaka 1918. Bidhaa za Ulaya zilikuja kwa njia nyingi: kwa bandari ya Beira, kwa Matadi na njia ya mito, na tangu 1931 kwa reli ya Lobito, ambayo vita vya Angola viliifunga mwaka 1975. Wafanya biashara wa Katanga katika siku zile walikuwa Wagiriki, Waitalia, Wareno, na Wayahudi waliotoka kisiwa cha Rhodes. Wazee husimulia mitungi ya kioo iliyopangwa juu ya meza za maduka, imejaa peremende za rangi zote, ambazo watu wa huku, wakifuata Kifaransa, huziita bonbon. Tarehe 30 Novemba 1973 serikali ya Zaire ilitangaza kwamba biashara za wageni zitapewa wananchi, na wengi wa wenye maduka wale wakaondoka. Siku hizi utakuta Mhindi, Mlebanoni, Mchina, na Mkongo mwenyewe, kila mmoja na duka lake.

Basi nikaanza kutafuta tembo wangu.

Duka la kwanza lilikuwa katikati ya mji, kubwa, lenye taa nyeupe na mlinzi mlangoni. Peremende zake zilipangwa karibu na mahali pa kulipia, tena chini kabisa, macho ya mtoto yanapofika. Ndugu msomaji, usidhani kwamba zimewekwa hapo kwa bahati. Nilikuta za Haribo kutoka Ujerumani, zenye sura ya dubu. Mayai ya Kinder ya kampuni ya Ferrero, Mwitalia. Pipi za vijiti za Chupa Chups, zilizozaliwa Hispania mwaka 1958. Na lukumu ya Uturuki, iliyonyunyiziwa unga mweupe wa sukari. Bei ziliandikwa kwa dola. Kwa kweli kuvitazama vile vitu ni kama kutazama ramani ya dunia. Lakini tembo hakuwapo.

Katika duka la pili nilimwona. Alikuwa palepale, mdogo, juu ya karatasi ya bamba la chokoleti, na moyo wangu ukafurahi. Nikaligeuza bamba kusoma nyuma, kama ninavyowafundisha wanafunzi wangu. Tarehe yake ilikuwa imepita kwa miezi saba. Nikamwonyesha muuzaji. Akacheka akasema:

“Patron, chokoleti si nyama, haiozi. Tazama karatasi, bado nzuri.”

Alifungua moja iliyokwisha kupasuka ili anithibitishie. Nikaona juu yake weupe kama majivu. Hapa yanipasa kueleza jambo moja, maana watu wengi hulikosea. Weupe ule si lazima uwe ukungu wa kuoza. Mafuta ya kakao huyeyuka karibu na nyuzi 34 za Selsiasi, yaani joto lililo chini kidogo ya joto la mwili wetu. Ndiyo sababu chokoleti huyeyuka kinywani. Ikiyeyuka njiani ndani ya lori, kisha ikaganda tena, mafuta hupanda juu na kufanya utando mweupe. Chokoleti ya namna hiyo imepoteza utamu wake, lakini haimdhuru mtu. Hata hivyo, weupe ni shahidi kwamba ilikaa katika joto. Na tarehe iliyopita ni shahidi wa pili. Mashahidi hao wawili wakisema pamoja, mnunuzi mwenye busara huirudisha rafuni. Mji wa Likasi umeinuka mita 1,300 hivi juu ya bahari, na usiku wa Juni na Julai ni baridi kweli. Chokoleti iliyofika wakati huo huwa salama zaidi kuliko ile iliyosafiri mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua, jua linapowaka. Nikamshukuru muuzaji, nikatoka mikono mitupu.

Nikashuka Kikula, sokoni. Huko peremende hazikai chini ya taa nyeupe. Zinakaa ndani ya mifuko ya nailoni iliyopangwa juu ya mbao, kando ya chumvi na viberiti. Nilimkuta mama mmoja anayeuza kwa jumla, amejifunga kitenge, mtoto mgongoni. Nikamwamkia, nikamwambia haja yangu. Akanitazama kwa huruma.

“Mwalimu, hapa hatuuzi za kizungu. Hapa tunauza zinazonunuliwa.”

Akanionyesha. Pipi za vijiti na sukari zinatoka Zambia. Na sukari yenyewe hulimwa huko Nakambala, karibu na Mazabuka. Chingamu ya Chappies inatoka Afrika ya Kusini, na upande wa ndani wa karatasi yake yameandikwa maswali madogo ya maarifa kwa Kiingereza. Nyingine zimetoka Tanzania kwa njia ya Dar es Salaam na Tunduma; nyingine zimevuka bahari kutoka Uhindi na China. Zote hizo, ziwe zimetoka Durban au Dar es Salaam, hukutana Kasumbalesa, hulipiwa ushuru, na kisha hupanda Lubumbashi na Likasi.

“Mama,” nikamwuliza, “unapata faida gani?”

“Mfuko mmoja una pipi hamsini,” akajibu. “Watoto wanaouza njiani huja kuchukua kwangu asubuhi. Nikiuza mifuko mitatu, nimepata meka moja ya unga. Siku nzuri nauza tisa. Siku ya mvua, mmoja.”

Meka, kwa wasomaji wa mbali, ni kipimo cha unga wa mahindi ambacho jamaa za Katanga hukitumia kuhesabu maisha. Chombo kimoja humpikia mama bukari ya watu wa nyumba yake. Nilipotazama ile mifuko tena, sikuona sukari na rangi tu. Niliona meka zimepangwa juu ya ubao.

Mama yule, Mungu ambariki, akanielekeza kwenye kijiduka kilicho njiani kwenda kituo cha reli, cha mzee mmoja anayependa kuweka vitu vya zamani. “Huyo ana watu wake wenye kutamani kama wewe,” akasema. Nikaenda. Na kweli, ndani ya jokofu, kati ya siagi na chupa za maji, alikuwapo tembo. Tarehe yake ilikuwa bado mwaka mzima. Nikauliza bei. Ilikuwa zaidi ya meka mbili.

Wapenzi wasomaji, nawaambieni bila kuficha, nilisimama pale nikajishauri kwa muda mrefu. Meka mbili ni chakula. Bamba la chokoleti ni dakika tano. Nikamkumbuka yule mama na mifuko yake sita. Tena aliyeniagiza hawezi hata kuionja. Lakini nikakumbuka sauti yake katika simu. Nikalipa.

Nilipofika Panda, jioni ilikuwa inaingia. Baba mkubwa alikuwa ameketi barazani, na wajukuu wake wanane wamejaa uani. Nikapiga magoti nikamwamkia, nikampa bamba kwa mikono miwili. Hakusema neno. Akalipeleka puani, akavuta harufu yake huku amefumba macho. Kisha akaniambia niketi.

“Mwaka 1954,” akaanza, “nilikuwa na miaka minane. Siku ile ya Mtakatifu Nikolao, tarehe 6 Desemba, tulipewa bonbon shuleni. Na baba yangu, yaani babu yako, jioni akarudi kutoka Shituru na bamba moja lenye tembo. Sijui alilipataje, mshahara wa baba zetu ulikuwa mdogo, na chakula kilikuja kwa mposho wa kampuni. Tulikuwa watoto saba. Alilivunja mbele yetu, kila mmoja kipande chake, na mama kipande chake. Tukamwuliza, ‘Na wewe, baba?’ Akasema, ‘Mimi nimekwisha kula yangu kazini.’ Nikaamini. Kila mwaka alisema hivyo, na kila mwaka niliamini. Mwaka nilioanza kazi mimi mwenyewe, ulipofika mwezi wa Desemba, nikangoja chokoleti ya wafanyakazi. Nikamwuliza msimamizi wetu itagawiwa saa ngapi. Watu wote wakacheka.”

Naye baba mkubwa akacheka, lakini macho yake yalikuwa na maji.

“Tangu siku ile nilijua baba ni nani. Nami niliwafanyia watoto wangu vilevile, kwa kadiri nilivyoweza. Kisha mambo ya shaba yakaharibika. Miaka ikapita, tembo haonekani. Mwaka huu nimesema: sijui kama Desemba nyingine itanikuta. Wajukuu wangu wanalijua jina la babu yao tu. Mkono wake hawajaujua.”

Basi akawaita watoto, mkubwa kwa mdogo. Akalivunja bamba kwa vidole vinavyotetemeka, kila mmoja kipande chake, na mama wa watoto kipande chake, nami pia. Msichana mkubwa, aliye mwanafunzi wa sekondari, akauliza: “Na wewe, babu?”

“Mimi,” akasema, “nimekwisha kula yangu.”

Wote wanajua kwamba ana kisukari. Hakuna aliyetia neno. Lakini kitinda mimba, mtoto wa miaka minne, alitafuna kidogo, akakunja uso, akapiga kelele: “Babu, ni chungu!” Naam, lilikuwa bamba la chokoleti nyeusi, lenye kakao nyingi na sukari kidogo. Mtoto akatoa mfukoni pipi yake nyekundu ya kijiti, ile ya Zambia, akaitia kinywani ili kuusahau uchungu. Mzee akacheka mpaka akakohoa. Kipande kilichokataliwa akakifunga katika karatasi yake, akakiweka mfukoni mwa shati.

Yule msichana wa sekondari alibaki na karatasi ya nje. Akasoma, akaniuliza: “Mwalimu, Côte d’Or maana yake Pwani ya Dhahabu. Mbona ni ya Ubelgiji?” Nikamweleza kwamba kampuni hiyo ilianzishwa huko Ubelgiji mwaka 1870, ikajiita kwa jina la nchi ya Afrika ilikotoka kakao, yaani Ghana ya leo; na yule tembo ndiye ishara ya bara letu. Nikamweleza pia kwamba kakao inalimwa hata Kongo: pande za Beni na Mambasa, na kule Mayombe. Huvunwa, huchachushwa siku kadhaa, huanikwa, hutiwa magunia, na huuzwa ng’ambo.

Akafikiri kidogo, kisha akasema: “Kumbe ni kama shaba. Inaondoka hapa kama bamba, inarudi kama waya wa umeme, nasi tunainunua.”

Sikuwa na la kuongeza. Mtoto amesema katika maneno machache jambo nililoliona barabarani tangu asubuhi. Akauliza tena kwa nini chokoleti haipikwi kwetu. Nikamjibu kwamba kazi hiyo yataka umeme usiokatika, sukari, majokofu, na barabara ya kufikisha mali kwa wanunuzi. Na kwamba hata hivyo wako Wakongo waliothubutu, maana huko Mutwanga, chini ya milima ya Rwenzori, kumejengwa kiwanda kidogo kilichofanya chokoleti kwa kakao ya wakulima wa jirani. Katika maduka yote ya Likasi niliyoyapitia siku ile niliuliza chokoleti ya Kongo, na hakuna aliyekuwa nayo. Kutoka Beni hata Likasi ni nchi moja. Lakini mali ya Brussels hupata njia kwa meli na lori, na ile ya Beni haina njia. Yule msichana akaikunja karatasi akaitia ndani ya daftari lake la jiografia. Nilipenda kuona jambo hilo kuliko vyote nilivyovinunua.

Kesho yake niliaga. Njiani nikasimama kununua chupa moja ya asali kwa ajili ya nyumba yangu. Nikamwuliza kijana aliyeiuza imetoka wapi, akanyosha kidole kwenye miti iliyo nyuma yake. Hiyo ndiyo bidhaa pekee ya safari yangu niliyoona mahali ilipotoka.

Ninyi wazazi mnaosoma maneno haya, sisemi kwamba peremende za mbali ni mbaya. Zinunueni kwa akili: someni tarehe, msidanganywe na karatasi yenye kung’aa, na mwahimize watoto kusugua meno kabla ya kulala. Msiwanyamazishe kwa pipi kila wanapolia, maana kitu kitolewacho kila siku hakikumbukwi. Na ninyi wanafunzi, mkipata peremende kutoka nchi ya mbali, msitupe karatasi kabla ya kuisoma. Ulizeni imepita mipaka mingapi, na nani alilima kilichomo ndani yake.

Baba mkubwa bado yu hai. Juzi alinipigia simu, nikamwuliza habari za kile kipande kilichobaki. Akasema amekiweka ndani ya sanduku pamoja na vyeti vyake vya kazi, na kwamba jioni nyingine hukitoa akakinusa tu. Kisha akaniagiza, kama mtu asiye na wasiwasi wowote juu ya umri wake: “Desemba ijayo, mwanangu, leta ile yenye maziwa. Huyu mdogo amenishinda.”